Wimbo Ulionunuliwa kwa Dola Ishirini

Kuna sifa ambazo humvunjia heshima yule anayesifiwa. Hutolewa kwa moyo mweupe, hurudiwa na watu wenye elimu, huingizwa vitabuni, na mwisho huwa kama kawa juu ya chungu: kila apitaye huiona kawa, wala hapana aulizaye kilichomo chunguni. Sifa ya namna hiyo imeiandama santuri ya nyimbo za filamu iitwayo The Harder They Come, iliyotolewa mwaka 1972, tangu siku ilipovuka bahari hata leo. Husemwa kwamba santuri hiyo ndiyo iliyoitambulisha rege kwa ulimwengu. Maneno hayo nimeyasoma katika insha za wanafunzi, na nimeyasikia katika mihadhara ya wakubwa zao; na kwa kuwa sijaona mtu aliyeyapinga katika kurasa hizi, naomba ruhusa ya wasomaji niyapinge mimi.

Sina ugomvi na santuri yenyewe. Ni santuri njema, na miongoni mwa santuri za nyimbo za filamu sijui iliyo bora kupita hiyo. Ina nyimbo 10 zilizopangwa katika vipande 12, maana nyimbo mbili hurudiwa mwishoni. Nne ni za Jimmy Cliff, ambaye ndiye aliyecheza nafasi ya shujaa katika filamu; mbili ni za Toots and the Maytals; na zilizosalia ni za Desmond Dekker, The Melodians, The Slickers na Scotty. Kampuni ya Island iliitoa Uingereza, kisha mwaka 1973 ikatolewa Marekani kwa alama ya Mango. Heshima zimeifuata. Mwaka 2003 gazeti la Rolling Stone liliiweka katika nafasi ya 119 miongoni mwa santuri 500 zilizohesabiwa kuwa bora za nyakati zote, na mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika daftari la sauti zinazostahili kuhifadhiwa. Haya yote ni haki yake. Ugomvi wangu ni na ile sentensi moja.

Kwanza nauliza: ulimwengu gani? Filamu hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza Kingston, katika jumba la Carib, mwezi Juni 1972, na umati uliokuja ulikuwa mkubwa kuliko viti. Watu wale hawakuja kutambulishwa na rege. Walikuja kujiona wenyewe katika kitambaa cheupe, wakisema lugha yao wenyewe, katika vichochoro vyao wenyewe, na nyimbo walizozisikia humo walikuwa wamekwisha kuzicheza miaka mingi. Wimbo wa Desmond Dekker unaoitwa 007 ulikuwa wa mwaka 1967. Sweet and Dandy wa Maytals ulikuwa umeshinda shindano la nyimbo za sikukuu ya taifa mwaka 1969. Rivers of Babylon wa Melodians ulikuwa wa mwaka 1970. Wimbo uliotungwa hasa kwa ajili ya filamu ni mmoja tu, ule uliobeba jina lake.

Wala hao wa ng'ambo hawakuwa wageni kama wanavyopenda kudai. Mwaka 1964 Millie Small, binti wa Jamaika, alifika nafasi ya pili katika orodha za Uingereza na za Marekani kwa wimbo wenye mahadhi ya ska, mama yake rege. Mwaka 1969 Desmond Dekker alikuwa wa kwanza Uingereza kwa wimbo wa Israelites, na mwaka uliofuata akawa wa pili kwa You Can Get It If You Really Want, utungo wa Jimmy Cliff huyo huyo. Achilia mbali maelfu ya Wajamaika waliohamia London na Birmingham baada ya Vita Kuu ya Pili, ambao hawakuhitaji mtu awatambulishe kwa ngoma ya kwao. Basi ukiwaondoa watu wa kisiwani, ukawaondoa Wajamaika wa Uingereza, ukawaondoa Waingereza walionunua santuri hizo katika miaka ya sitini, ulimwengu unaobaki ni mdogo sana. Kwa sehemu kubwa ni wanafunzi wa vyuo vya Marekani waliokuwa wakienda kuitazama filamu hiyo saa sita ya usiku, kama katika jumba la Orson Welles mjini Cambridge, Massachusetts, ambako ilionyeshwa kwa miaka. Vijana wale walikuwa na haki ya kufurahi. Hawakuwa na haki ya kuitwa ulimwengu, wala sisi hatuna haki ya kuwaita hivyo kwa niaba yao.

Kama kosa lingekuwa la tarehe tu ningeliacha, kwa kuwa tarehe husahihishwa kwa mstari mmoja. Lakini sentensi ile inaziba jambo kubwa zaidi. Inaigeuza shutuma kuwa tangazo la biashara.

Filamu inasimulia habari za kijana aitwaye Ivan, anayetoka shamba kwenda Kingston kumpasha mama yake habari za kifo cha bibi yake, na kutafuta riziki kwa sauti yake. Waandishi wake, Perry Henzell, aliyeiongoza, na Trevor Rhone, hawakumzua kijana huyo kutoka hewani. Alikuwako mtu wa kweli, Vincent Martin, aliyejulikana kwa majina ya Ivanhoe na Rhyging, aliyetoroka gerezani mwaka 1948, akapigana na polisi kwa bastola, akawa gumzo la mji mzima, na mwezi Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi akafa katika kisiwa kidogo cha Lime Cay, karibu na bandari ya Kingston. Tazama sasa jambo ambalo wasifuji hawalitazami. Rhyging wa mwaka 1948 hakuwa mwimbaji. Wakati huo rege haikuwapo. Neno lenyewe lilikuja kuonekana katika jina la santuri mwaka 1968, kwa wimbo wa Maytals hao hao. Biashara ya santuri ya kisiwani ilikuwa bado haijazaliwa. Kwa hiyo Henzell na Rhone walipomchukua mhalifu huyo wakampa sauti ya kuimba, wakampeleka studio, wakamwekea mbele yake tajiri wa santuri, hawakuwa wakifuata historia. Walikuwa wakiongeza ushahidi katika kesi. Walitaka tuone wizi mmoja ukitangulia mwingine.

Na wizi wa kwanza ni huu. Ivan anarekodi wimbo wake. Mwenye studio, Bwana Hilton, anauona ni mzuri, anamtolea dola 20, na anamtaka atie saini ya kuuachia. Ivan anakataa. Anazunguka na wimbo wake akitaka kuuza mwenyewe. Milango yote imefungwa, kwa maana wenye milango na Hilton ni marafiki. Anarudi, anatia saini, anapokea dola 20. Baada ya hapo ndipo anapoingia katika biashara ya bangi, na baada ya hapo ndipo zinapolia bastola. Wimbo wake unapata nguvu sokoni wakati yeye mwenyewe anawindwa kama paa. Kadiri bei ya kichwa chake inavyopanda ndivyo na wimbo unavyopanda, na faida si yake.

Sasa mtu anisaidie kufahamu. Filamu inasema: hivi ndivyo wimbo wa maskini unavyochukuliwa na mwenye mtaji, na hivi ndivyo afanywavyo mtunzi wake. Santuri ya filamu hiyo inatolewa na mwenye mtaji. Msomi anakuja na kalamu yake, anaisikiliza, na neno kubwa alilo nalo la kusema ni kwamba santuri hiyo ilipata soko kubwa ng'ambo! Hilton mwenyewe asingesema zaidi.

Nisifahamike vibaya. Simwiti mtu yeyote wa kweli kwa jina la Hilton. Lakini hali aliyoionyesha Henzell haikuwa ndoto. Ilikuwa desturi ya studio za Kingston katika miaka ile kumlipa mwimbaji fedha kidogo kwa mkupuo mmoja, na baada ya hapo kila senti iliyozaliwa na wimbo ilikwenda kwa mwenye studio. Sheria haikumpa mwimbaji pa kushika. Jamaika ilipata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, lakini katika mambo ya hakimiliki iliendelea kutumia sheria ya Kiingereza ya mwaka 1911 hadi ilipotunga yake mwenyewe mwaka 1993. Hesabu miaka: ni 31 ya bendera mpya na sheria kuukuu. Katika kipindi hicho ska ilizaa roksteadi, ikazaliwa rege, wakafa watunzi wengi, na santuri tunayoizungumza ikafikisha umri wa miaka 21.

Nyingi kati ya nyimbo za santuri hiyo zilitayarishwa na Leslie Kong, aliyekuwa na duka pamoja na familia yake mjini Kingston, likiitwa Beverley's, ambako waliuza santuri na aisikrimu. Mwanzoni mwa miaka ya sitini kijana mmoja kutoka shamba, jina lake James Chambers, aliingia dukani humo na wimbo aliokuwa ameutunga kwa kulitia jina la duka ndani yake, ili amvute mwenye duka aingie katika biashara ya kurekodi. Hila yake ilifaulu, na kijana huyo ndiye Jimmy Cliff. Basi miaka kumi baadaye, alipocheza nafasi ya Ivan mlangoni pa tajiri, hakuhitaji mwalimu wa maigizo. Kong alikufa mwezi Agosti 1971, kabla ya filamu kutoka. Yeye ni mmoja wa watu waliostahili kutajwa zaidi katika habari za santuri hii, kwa wema na kwa maswali, na katika insha zetu hatajwi kabisa. Nafasi yake imechukuliwa na ulimwengu.

Nije katika nyimbo. Ya kwanza ni You Can Get It If You Really Want, na inachangamsha kweli. Inasema kwamba mtu akitaka jambo kwa moyo wake wote, akajitahidi bila ya kuchoka, atalipata. Kwa sababu inafungua santuri, wasikilizaji wengi huichukua kuwa ndiyo nia ya kazi nzima, na nimeona wimbo huo ukitolewa kwa wanafunzi kama mfano wa fasihi ya kutia moyo. Lakini uweke mahali pake. Katika filamu wimbo huo unaimbwa basi likishuka kwa mbio katika barabara ya pwani, na Ivan yumo ndani, macho yamejaa matumaini. Kufika mjini tu, vitu vyake vyote vinaibwa na msukuma mkokoteni. Mama yake anampokea bila furaha, hana mahali pa kumweka. Hapati kazi. Kila neno la wimbo ule linageuzwa na tendo linalofuata. Hicho ndicho sisi tukiitacho kinaya, na kinaya hakikai katika maneno peke yake. Hukaa baina ya neno na tendo. Ukiondoa tendo, kinaya hufa, na kinachobaki ni mawaidha ya shuleni.

Jambo hili halikupasa kuwa geni kwa wasomi wa Kiswahili. Ni nani kati yetu athubutuye kusoma mashairi ya Muyaka bin Haji bila ya kujua ugomvi wa Mombasa na Seyyid Said wa Unguja? Ubeti unaoonekana kuwa wa mapenzi ukawa wa vita, na ule wa vita ukawa mzaha kwa jirani. Hapo hatukubali kuambiwa kwamba shairi linajitosheleza. Tukifika kwa Wajamaika tunasahau yote tuliyofunzwa, kana kwamba wimbo wenye gitaa hauna kisa.

Na mpangaji wa santuri, kwa upande wake, hakulala usingizi. Upande wa pili unaanza na Johnny Too Bad wa Slickers, habari za kijana mwenye kisu na bastola kiunoni. Unafuata ule wa 007, habari za vijana wahuni wa vitongoji. Kisha Pressure Drop wa Maytals, ambao ni kama onyo la malipo yanayomshukia mtenda uovu. Kisha Sitting in Limbo, mtu amekaa mahali pasipo mbele wala nyuma. Baada ya hizo zote, wimbo wa matumaini unarudi mara ya pili. Anayesikiliza kwa utaratibu hawezi kuusikia kama alivyousikia mara ya kwanza. Kwa hiyo shutuma imo hata ndani ya santuri, kwa mwenye masikio. Lawama yangu ni kwa wale wanaochomoa wimbo mmoja kama mtu achomoaye ua katika shada, kisha wakatuambia habari za bustani.

Wimbo wa 007 unataka kusimamiwa zaidi kidogo. Dekker aliutunga kuhusu vijana wa vitongoji vya Kingston waliokuwa wakijiita na kujiona kama watu wa sinema; humo yumo jasusi mwenye nambari hiyo, na humo imo filamu ya Marekani ya wezi kumi na mmoja. Sinema ilikuwa imeingia katika mwendo wao, katika mavazi yao, katika namna ya kushika bastola. Miaka mitano baadaye wimbo huo unaingizwa katika filamu ambayo shujaa wake, siku zake za mwanzo mjini, anapelekwa jumba la Rialto kumtazama Django, mpiganaji wa Kitaliano aliyevaa kofia ya Kimarekani. Ivan anapokuwa mwindwa anajipiga picha na bastola mbili, kama alivyofanya Rhyging wa kweli, na picha kama hiyo ndiyo iliyowekwa juu ya jalada la santuri. Mwisho, amezingirwa ufukweni, anawaza kama yumo katika filamu ya Django, na tunasikia kicheko cha watazamaji wa Rialto. Watu walitazama sinema, wakawa nyimbo. Nyimbo zikawa sinema. Sinema ikawa santuri. Na kijana fulani Boston akanunua jalada lile akalitundika ukutani, naye akajiona mhuni. Hapa pana somo la kitabu kizima juu ya kuiga na kuigwa, na sijaona insha hata moja ya wanafunzi wetu iliyolijaribu.

Ule wa Scotty nao una hadithi yake. Unaitwa Draw Your Brakes, na chini yake umo wimbo mwingine, Stop That Train, uliorekodiwa na vijana wawili, Keith na Tex, mwaka 1967. Mtayarishaji Derrick Harriott alimpa Scotty sauti za wimbo ule wa zamani, naye akasema na kulia juu yake kwa maneno yake mwenyewe. Sasa niambieni mtunzi ni nani. Sheria ya mwaka 1911 ilimjua mtu mmoja mwenye kalamu na karatasi, haikujua kupokezana. Ngoma za kwetu zinakujua sana kupokezana, na mtu aliyekulia katika ngoma angelielewa swali hili kabla ya kulielewa jibu lake. Lakini katika vitabu vinavyosifu santuri hii suala hilo hupitwa kimya, kwa sababu likianza kuulizwa itabidi kuuliza pia nani alilipwa.

Nimeuacha Rivers of Babylon kwa makusudi, kwa kuwa kesi yangu yote imo ndani yake. Melodians waliutoa katika Zaburi ya 137. Wengi wetu tunaikumbuka Zaburi hiyo kama maombolezo ya wahamishwa waliokaa kando ya mito wakiikumbuka Sayuni. Tunasahau ni jambo gani hasa linalowaliza pale. Waliowateka wanawataka waimbe. Mateka wameporwa mji, wameporwa hekalu, na sasa mtekaji anataka pia apumbazwe kwa nyimbo za kwao. Swali la Zaburi ile ni kama wimbo mtakatifu waweza kuimbwa mbele ya watu wa namna hiyo. Kwa Marasta wa Jamaika Babiloni si mji wa kale. Ni jina la utaratibu mzima unaowakalia, yaani polisi, mahakama, tajiri, na historia ya utumwa iliyowaleta kisiwani. Kwa hiyo Melodians waliingiza katika Zaburi majina ambayo Marasta humwitia Mfalme wa Abisinia, Haile Selassie, aliyekuwa amezuru kisiwa chao mwezi Aprili 1966 akapokelewa na umati ambao haujapata kuonekana katika uwanja wa ndege wa Kingston. Maneno ya Biblia yalikuwa yale yale; anayeombwa alikuwa ametajwa kwa jina.

Mwaka 1978 kundi la Boney M., lililotengenezwa Ujerumani, liliuimba wimbo huo upya, ukawa wa kwanza Uingereza na kuuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Jina la Mfalme lilikuwa limetolewa, likarudishwa lile la Bwana, ili asikwazike mtu yeyote katika nyumba yoyote. Mahadhi yakafanywa ya kuchezea dansi. Wawili kati ya waimbaji wa kundi hilo walikuwa wanawake waliozaliwa Jamaika, wala siwalaumu. Mtu hula anapopata. Lakini utambulisho ukitaka kuuona kwa macho, huo ndio. Wimbo juu ya mtekaji anayedai kupumbazwa kwa nyimbo uliondolewa jina lililomkera, akapewa mtekaji, naye akaucheza.

Ukilinganisha na hayo ndipo unapouona ukubwa wa santuri ya mwaka 1972, na ukubwa huo ni kinyume kabisa cha sifa wanayoipa. Sehemu kubwa ya nyimbo zake hazikutungwa kwa ajili ya ulimwengu. Zilitungwa kwa ajili ya watu wa Kingston, zikapigwa kwa vipimo vya Kingston, zikauzwa katika maduka ya Kingston. Si zote: Sitting in Limbo ilirekodiwa Muscle Shoals, katika jimbo la Alabama, na Many Rivers to Cross, uliotokana na dhiki za Cliff alipokuwa akihangaika Uingereza, una kinanda cha kanisani na karibu hauna dalili ya rege katika mapigo yake. Hizo mbili ni nyimbo za mtu aliye safarini. Lakini nane zilizosalia zinasema na watu wa nyumbani. Mfananishe na Catch a Fire ya Wailers, iliyotolewa na kampuni ile ile ya Island mwaka 1973, baada ya Cliff kuondoka katika kampuni hiyo: kanda zilitoka Kingston, zikapelekwa London, zikaongezewa gitaa na vinanda vya wageni ili masikio ya wanunuzi wa huko yasishtuke. Ni santuri nzuri nayo, na hapo ndipo utambulisho ulipofanyika kwa kujua. Kumvika Ivan vazi hilo ni kumwonea.

Kuna habari ya lugha pia. Filamu hiyo inasemwa Kipatwa, lugha ya Wajamaika wenyewe, na ilipoonyeshwa Marekani ilitiwa maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Wengine walicheka: Kiingereza kutafsiriwa kwa Kiingereza! Kicheko hicho kilikuwa cha ujinga. Kamusi ya F. G. Cassidy na R. B. Le Page ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka 1967, na mtu akitaka kujifunza sarufi ya lugha ile, namna inavyoonyesha wakati wa tendo na wingi wa majina kwa kanuni zake yenyewe, alikuwa na pa kuanzia. Hata hivyo mpaka leo nawaona wanafunzi wakiandika maneno ya nyimbo hizi wakiyasahihisha njiani, wakiongeza viambishi ambavyo mwimbaji hakuviimba, kana kwamba Toots Hibbert alikuwa ameteleza ulimi. Kwa kizazi kilichoona lahaja za Mvita na Amu, zilizobeba tenzi bora kuliko zote tulizo nazo, zikisogezwa kando baada ya mwaka 1928 Kiunguja kilipochukuliwa kuwa kipimo cha usanifu, kosa hilo halina udhuru.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba bila ya wachuuzi nyimbo hizi zingekufa pamoja na santuri ndogo zilizochakaa za Kingston. Kwamba Chris Blackwell, aliyeianzisha Island mwaka 1959 na kukulia Jamaika, aliupenda muziki huo wakati mabwana wenzake walipoudharau. Kwamba Henzell naye alikuwa Mjamaika mweupe mwenye elimu ya Uingereza, na hata hivyo ndiye aliyewapa watu weusi wa kisiwa chake filamu yao ya kwanza. Nayakubali yote. Shukrani ni jambo moja na uhakiki ni jambo la pili. Mtu aliyekusaidia kupeleka mzigo sokoni hastahili tusi, lakini wala hastahili kuandikwa kuwa ndiye aliyeulima. Tena shutuma ya filamu haikusema kwamba matajiri wa santuri hawapendi muziki. Hilton anaupenda wimbo wa Ivan. Anaujua thamani yake tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana anataka saini.

Nitaambiwa pia kwamba fasihi si mahakama, na kwamba msikilizaji ana uhuru wa kufurahia. Afurahie. Mimi mwenyewe husikiliza Sweet and Dandy, habari za harusi ya shamba yenye vituko, na miguu hukataa kutulia. Lakini hata furaha hiyo ina picha yake: katika filamu Maytals wanauimba studio, wamezama katika kazi, na Ivan amesimama pembeni akiwatazama kwa uchu wa mtu aonaye chakula nyuma ya kioo. Anayeijua picha hiyo hapunguziwi raha ya wimbo.

Jimmy Cliff alifariki mwezi Novemba 2025, akiwa na umri wa miaka 81, na katika wiki zile ile sentensi ilirudiwa tena kila mahali. Henzell alikuwa amemtangulia mwaka 2006, Dekker mwaka huo huo, Rhone mwaka 2009, Hibbert mwaka 2020. Hawapo tena wa kuulizwa. Basi naziomba idara zetu za fasihi zifanye jambo dogo lisilohitaji fedha wala kamati. Santuri hii isisomeshwe tena bila ya filamu yake. Maneno ya nyimbo yaandikwe kama yalivyoimbwa. Na mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya soko lake la ng'ambo aanze kwa kutueleza, wimbo kwa wimbo, ulirekodiwa mwaka gani, kwa nani, nani aliutunga, na nani alitia saini. Akiishapata majibu hayo aandike habari za ulimwengu kwa kadiri karatasi yake itakavyobaki.